Kupanga Upuliziaji wa Dawa ya Ukungu Kwenye Shamba la Matufaha kwa Kufuata Hali ya Hewa

Mkulima wa matufaha katika jimbo la New York, awe karibu na Ziwa Ontario au kwenye bonde la mto Hudson, hupulizia dawa ya ukungu zaidi kati ya Aprili na Juni kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na sababu kubwa ni ugonjwa mmoja: ugonjwa wa magamba, unaosababishwa na kuvu iitwayo Venturia inaequalis. Kuvu hiyo huacha madoa ya rangi ya zeituni kwenye majani, kisha madoa meusi yenye magamba na nyufa kwenye tunda, na tunda la namna hiyo halipati bei ya tunda la kula mezani. Huishia kukamuliwa juisi. Zamani dawa ilipuliziwa kwa kalenda, kila baada ya siku saba au kumi, mvua inyeshe isinyeshe. Njia hiyo ina kasoro mbili. Majira yakiwa makavu, hupoteza dawa, mafuta na muda. Yakiwa ya mvua mfululizo, inaweza kumwacha mkulima bila kinga siku ileile anayoihitaji, kwa kuwa kalenda haina habari kwamba mvua ya jana usiku imeosha dawa ya juzi.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuiacha kalenda na kufuata hali ya hewa. Tangu mwanzo ni vyema kutenganisha kazi mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Utabiri, yaani kile kinachotarajiwa katika siku tatu au nne zijazo, hutumika kuamua kama upulizie kabla ya mvua. Vipimo, yaani kile kilichotokea kweli shambani mwako, hutumika kuamua kama kinga uliyoweka ilitosha na kama unalazimika kurudi haraka na dawa ya aina nyingine. Anayeutegemea utabiri peke yake hujikuta akihangaikia mvua ambayo haikunyesha. Anayengoja vipimo ndipo aamue kila kitu huwa amechelewa.

Kwa nini kinachohesabiwa ni mvua

Kuvu hii hupitisha majira ya baridi ndani ya majani yaliyoanguka vuli iliyotangulia. Ndani ya majani hayo hujengeka vifuko vidogo vyeusi, na baridi inapopungua spora, yaani chembe za uzazi za kuvu, hukomaa humo kidogo kidogo, si zote kwa siku moja. Mvua ikinyesha, vifuko hulowa na kufyatua spora hewani, na upepo huzipeleka kwenye majani machanga. Spora ikitua kwenye jani lililolowa huhitaji kubaki kwenye maji kwa muda fulani ndipo iote na kupenya. Jani likikauka kabla ya muda huo kutimia, nyingi hufa. Urefu wa muda huo hutegemea joto: katika baridi kali kuvu huota polepole, na katika joto la wastani huota haraka.

Basi ili ugonjwa uingie, mambo matatu lazima yakutane: spora zilizokomaa, jani au tunda changa lisilo na kinga, na maji yanayokaa juu yake kwa muda wa kutosha. Modeli zote za ugonjwa huu, kuanzia jedwali la karatasi hadi programu ya kompyuta, hukadiria jambo la kwanza na la tatu. Jambo la pili hulijua mwenye shamba tu, kwa sababu ndiye anayejua alipulizia nini, lini, na mashine yake inafika wapi juu ya mti.

Jedwali lenyewe lina historia ndefu. W. D. Mills wa Chuo Kikuu cha Cornell alichapisha mwaka 1944 jedwali la saa za unyevu na joto linalohitajika, na kwa miongo kadhaa wakulima wa nchi nyingi walilitumia kama lilivyo. Mwaka 1989 MacHardy na Gadoury walilichunguza upya wakaonyesha kwamba spora za mwanzo wa msimu huhitaji takriban theluthi mbili tu ya muda aliouandika Mills. Baadaye sehemu ya joto la chini nayo ikarekebishwa. Ukikutana na jedwali la zamani, usilitumie. Litakuambia uko salama wakati maambukizi yamekwisha kuingia.

Vifaa, na mahali pa kuviweka

Unahitaji vipimo vya kila saa vya joto, mvua, unyevu wa hewa na unyevu wa jani. Katika majimbo ya kaskazini mashariki mwa Marekani, wakulima wengi hutegemea mtandao wa NEWA unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha Cornell, ambao huchukua vipimo vya vituo vilivyomo mashambani, huviunganisha na utabiri wa Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa, na kuonyesha kama kila kipindi cha mvua kilitosha kuleta maambukizi. Michigan kuna Enviroweather ya Chuo Kikuu cha Michigan State. Ulaya, na sasa hata Amerika Kaskazini, wengi hutumia RIMpro, programu iliyobuniwa na Marc Trapman wa Uholanzi, ambayo haihesabu saa tu bali hukadiria ni sehemu gani ya spora za msimu mzima iliyofyatuliwa katika mvua fulani na ni kiasi gani chake kilichofanikiwa kuota.

Kituo cha jirani kinafaa kikiwa karibu na kwenye mwinuko unaolingana na wako. Kikiwa ng'ambo ya kilima, mvua ya ngurumo inaweza kukipiga na kuliacha shamba lako likiwa kavu, au kinyume chake. Kwa hiyo, hata ukitumia kituo cha mwingine, weka kipimamvua chako cha bei ndogo na ukisome kila mara baada ya mvua. Ukinunua kituo kamili, kiweke ndani ya shamba au pembezoni mwake juu ya majani mafupi, mbali na ukuta, barabara ya lami na vinyunyizio vya umwagiliaji. Kitambuzi cha unyevu wa jani huinamishwa, na katika nusu ya kaskazini ya dunia huelekezwa kaskazini ili kisikauke mapema kuliko majani yenyewe. Kipimamvua kikaguliwe kila mwanzo wa msimu, kwani utando wa buibui au kinyesi cha ndege kikiziba tundu lake kituo kitaandika sifuri huku mvua ikimwagika, na modeli itaamini sifuri hiyo.

Kitambuzi cha unyevu wa jani kikikosekana, makadirio yanayokubalika ni kuhesabu kuwa majani yamelowa kila saa ambayo unyevu wa hewa umefika asilimia 90 au zaidi. Hivyo ndivyo unyevu wa siku zijazo unavyoweza kukadiriwa pia, kwa kuwa utabiri wa kawaida hautaji unyevu wa jani.

Siku ya kuanza na siku ya kumaliza

Hesabu ya ukomavu wa spora huanza siku ambayo nusu ya vichipukizi vya matunda kwenye miti ya McIntosh vimefikia hatua ya ncha ya kijani, yaani ukijani unaonekana wazi kwenye ncha ya kichipukizi. McIntosh huchaguliwa kwa kuwa ni aina ya kawaida katika eneo lile na huugua kwa urahisi. Usikisie siku hiyo ukiwa dirishani. Nenda uhesabu vichipukizi kwenye miti kadhaa, uandike tarehe, kisha uiingize kwenye programu badala ya ile iliyokadiriwa na kompyuta. Tarehe hiyo ikikosewa kwa wiki nzima, kila kinachofuata kitakosewa.

Kuanzia hapo zinakusanywa digrii-siku juu ya nyuzi 0 za Selsiasi. Siku ambayo joto la juu ni nyuzi 14 na la chini ni nyuzi 4 ina wastani wa nyuzi 9, kwa hiyo huongeza digrii-siku 9. Mwanzoni spora zilizokomaa ni chache sana. Huongezeka kwa kasi kuelekea hatua ya waridi, yaani vichipukizi vya maua vinapoonyesha rangi ya waridi kabla ya kufunguka, na uchanuaji, na jumla ikikaribia digrii-siku 500, ambazo ni kama 900 kwa wanaotumia Farenhaiti, karibu spora zote huwa zimekomaa. Kukomaa si kufyatuliwa, hata hivyo. Msimu wa spora hizi huhesabiwa kuwa umekwisha pale ambapo zaidi ya asilimia 95 zimekomaa na baada ya hapo ikanyesha mvua ya mchana inayozidi milimita 2.5 joto likiwa nyuzi 10 au zaidi. Majira yakiwa makavu mvua hiyo inaweza kuchelewa, na spora zilizokomaa zikabaki chini zikiisubiri. Majani makavu hayaendelei kukomaza spora kama yaliyolowa, kwa hiyo katika ukame mrefu modeli isiyorekebishwa hukimbia mbele ya kuvu yenyewe, na mkulima anaweza kudhani msimu umekwisha kabla haujaisha.

Hapa ndipo msomaji wa Njombe au Lushoto anapopaswa kuwa mwangalifu. Kwenye nyanda za juu za tropiki mtufaha haupati baridi ndefu ya kuufanya ulale kabisa, mara nyingi majani hayaanguki yote kwa pamoja, na katika baadhi ya nchi za tropiki wakulima huyapukuchua kwa mkono ili mti uchipue upya. Siku moja inayofanana na ile ya ncha ya kijani ya New York haipo, na kuvu inaweza kuendelea kuishi kwenye majani ya kijani badala ya yaliyoanguka. Hesabu ya digrii-siku za ukomavu kwa hiyo haihamishiki kama ilivyo. Uhusiano wa saa za unyevu na joto ndio unaohamishika, kwa kuwa ni tabia ya kuvu yenyewe na si ya kalenda ya mti. Ila kabla ya kuutumia, hakikisha kwa mtaalamu wa mimea kwamba madoa unayoyaona ni ya ugonjwa huu, na kwamba dawa unayokusudia imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kwa matumizi hayo.

Kuhesabu saa za unyevu

Jedwali lililorekebishwa linasema kwamba, kwa wastani wa joto la kipindi chote cha unyevu, maambukizi huanza baada ya muda ufuatao:

Nyuzi 2: saa 35
Nyuzi 5: saa 21
Nyuzi 7: saa 15
Nyuzi 8: saa 13
Nyuzi 9: saa 12
Nyuzi 10: saa 11
Nyuzi 11: saa 9
Nyuzi 12 hadi 13: saa 8
Nyuzi 14 hadi 15: saa 7
Nyuzi 16 hadi 24: saa 6
Nyuzi 25: saa 8
Nyuzi 26: saa 11

Kuna kanuni mbili za kuhesabu ambazo bila hizo jedwali hupotosha. Ya kwanza: spora hizi hufyatuliwa hasa kukiwa na mwanga. Mvua ikianza usiku, hesabu huanza saa moja asubuhi, isipokuwa kwenye shamba lililokuwa na ugonjwa mwingi mwaka uliopita, ambamo hata sehemu ndogo inayofyatuliwa usiku inatosha kuleta madhara, na hapo ni busara kuhesabu tangu mvua ilipoanza. Ya pili: vipindi viwili vya unyevu vilivyotenganishwa na ukavu wa chini ya saa 24 hujumlishwa kama kipindi kimoja, ila saa za ukavu zenyewe hazihesabiwi.

Tuchukue mfano. Mvua inaanza saa nane usiku wa kuamkia Jumanne. Majani yanakauka Jumanne saa nane mchana, na wastani wa joto ni nyuzi 12. Kwa kanuni ya mwanga hesabu inaanza saa moja asubuhi, kwa hiyo tuna saa 7. Jedwali linataka saa 8. Mpaka hapo hakuna maambukizi. Mkulima asiye na subira angefunga daftari. Lakini saa mbili usiku mvua inarudi, na majani yanabaki yamelowa hadi Jumatano saa nne asubuhi, yaani saa 14 zaidi, kwa wastani wa nyuzi 10. Ukavu uliokuwa katikati ni wa saa 6 tu, kwa hiyo tunajumlisha: saa 21 za unyevu, wastani wa joto ukiwa karibu na nyuzi 11. Jedwali linataka saa 9. Maambukizi yalitimia mapema usiku ule wa Jumanne, wakati watu wanajiandaa kulala.

Madoa hayaonekani kesho yake. Huchukua kati ya siku 9 na 17 kutegemea joto, na ndiyo maana anayengoja kuona doa ndipo apulizie huwa ameshapitwa na mvua mbili au tatu zaidi.

Kuamua kabla ya mvua

Huu ndio moyo wa kazi yote, na hapa programu husaidia chini ya inavyodhaniwa. Dawa nyingi na za bei nafuu dhidi ya ugonjwa huu, kama kaptani, mankozebu, salfa na shaba, hufanya kazi kwa kukaa juu ya jani na kuiua spora kabla haijapenya. Zinapaswa kuwa zimekauka juu ya jani kabla ya tone la kwanza. Kwa hiyo unapoufungua utabiri asubuhi, jiulize maswali haya kwa utaratibu.

Je, spora zipo? Kama ni kabla ya ncha ya kijani, au msimu wa spora umekwisha na hakuna doa hata moja shambani, mvua hiyo haikuhusu sana. Je, mvua inayotabiriwa itafikisha saa za jedwali? Manyunyu ya asubuhi yanayofuatwa na jua na upepo, katika joto la nyuzi 8, hayafiki. Mvua ya jioni inayofuatwa na usiku wenye mawingu na siku tulivu yenye ukungu hufika, hata kama milimita zenyewe ni chache. Wakulima wengi huangalia wingi wa mvua, ilhali kuvu hujali urefu wa unyevu. Wingi unahusika kwingine: katika swali la tatu.

Swali la tatu ni hali ya kinga iliyopo. Kanuni ya mkono inayotumiwa kwa kaptani na mankozebu ni kwamba milimita 25 za mvua tangu upuliziaji wa mwisho huondoa takriban nusu ya dawa, na milimita 50 zikishanyesha ujihesabu kuwa huna kinga. Ndiyo maana kipimamvua chako mwenyewe kina thamani hata kama kila kitu kingine unakipata kwenye intaneti. Jambo jingine ni ukuaji. Kati ya ncha ya kijani na kuanguka kwa petali mti hufungua majani mapya kila baada ya siku chache, na jani lililofunguka jana halina dawa hata chembe. Katika joto zuri, kinga ya siku saba zilizopita ni ya majani ya chini ya kichipukizi tu. Majani ya ncha, ambayo ndiyo laini na yanayoambukizwa kwa urahisi zaidi, yako uchi.

Ukishajibu hayo, panga muda kwa kurudi nyuma kutoka saa ya mvua. Kadiri unavyopulizia karibu na mvua ndivyo majani mengi zaidi yanavyopata kinga, lakini dawa inahitaji saa kadhaa za kukauka, na shamba halipuliziwi kwa dakika. Kama trekta na mashine yako huhitaji saa 10 kumaliza shamba zima, na mvua inatarajiwa alfajiri ya Jumatano, hesabu inakuambia uanze Jumanne alfajiri, si Jumanne mchana. Anza na vitalu (sehemu za shamba) vya aina zinazougua kwa urahisi, McIntosh ikiwa mbele, na vitalu vilivyokuwa na madoa mwaka uliopita, ili mvua ikiwahi, kilichobaki kiwe ni sehemu isiyo na hatari kubwa. Aina zilizozalishwa kwa ajili ya kustahimili ugonjwa huu, kama Liberty iliyotolewa na kituo cha utafiti cha Geneva huko New York, ziache za mwisho kabisa au uziache kabisa.

Upepo nao una kauli. Ukizidi kilomita 16 kwa saa, sehemu kubwa ya dawa huenda kwa jirani, na upande wa mti ulio kinyume na upepo haupati kitu. Mara nyingi upepo huo huja saa chache kabla ya mvua, hivyo siku moja ya utulivu kabla yake ni ya thamani kuliko inavyoonekana kwenye utabiri. Wakati wa uchanuaji pulizia jioni au alfajiri nyuki wakiwa hawajatoka, na usichanganye humo dawa ya wadudu.

Swali gumu ni utabiri wenye mashaka, kwa mfano uwezekano wa mvua wa asilimia 40. Hakuna modeli itakayokujibu, na maoni yangu ni kwamba jibu linategemea hatua ya mti kuliko asilimia yenyewe. Kuanzia hatua ya waridi hadi wiki mbili baada ya petali kuanguka, spora ni nyingi, majani ni mapya na matunda machanga ni dhaifu. Kama kinga imechakaa, pulizia hata kwa asilimia 40, kwani gharama ya upuliziaji mmoja ni ndogo kuliko ya kupambana na madoa hadi Septemba. Mapema zaidi, kati ya ncha ya kijani na hatua ya waridi, mwenye shamba lililokuwa safi mwaka jana anaweza kusubiri utabiri wa kesho. Mwenye shamba lililougua asisubiri.

Mvua ikikukuta hujamaliza, usidhani kila kitu kimepotea. Jedwali linakupa muda: katika nyuzi 8 una saa 13 kabla maambukizi hayajatimia, na mvua ikipumzika unaweza kuendelea kupulizia majani yakiwa bado na unyevu. Wakulima wa kilimo hai wa Ulaya wameifanya hii kuwa mbinu rasmi. Hupulizia salfa ya chokaa spora zinapoota, kabla hazijapenya, wakifuata makadirio ya saa kwa saa.

Kuamua baada ya mvua

Majani yakikauka, fungua vipimo, si utabiri. Kama saa hazikufika, andika na uendelee. Kama zilifika na kinga ilikuwa imara, andika na uendelee pia. Hii ndiyo hali unayoitafuta. Kama zilifika na kinga ilikuwa dhaifu au haikuwapo, una muda mfupi wa kuokoa, na urefu wake hutegemea dawa. Muda huo huhesabiwa tangu mwanzo wa kipindi cha unyevu, si tangu majani yalipokauka. Kaptani na mankozebu hurudi nyuma, yaani huweza kuzima maambukizi yaliyokwisha kuanza, kwa saa 18 hadi 24 tu. Siprodinili na pirimethanili hurudi nyuma kwa siku mbili hadi tatu na zina sifa ya kufanya kazi hata katika baridi, kwa hiyo zinafaa kabla ya uchanuaji. Kundi la difenokonazoli na miklobutanili hufika siku tatu hadi nne mahali ambapo kuvu haijawa sugu kwalo.

Turudi kwenye mvua ya Jumanne na Jumatano. Hesabu ilianza Jumanne saa moja asubuhi, na majani yalikauka Jumatano saa nne asubuhi, yaani saa 27 baadaye. Kaptani peke yake imechelewa. Siprodinili bado ina nafasi hadi Alhamisi asubuhi, na hata baada ya hapo kidogo. Inayofaa ni kuichanganya na kaptani au mankozebu katika tangi moja, ili moja ishughulikie kilichopenya na nyingine izuie mvua inayofuata.

Usiufanye uokoaji kuwa desturi. Dawa zinazopenya ndani ya jani hulenga sehemu moja tu ya mwili wa kuvu, na kuvu hii imeshazizoea moja baada ya nyingine: dodini ilianza kushindwa huko New York mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha zikafuata benomili, kundi la miklobutanili, na kundi la trifloksistrobini. Kila unapopulizia dawa ya aina hii juu ya maambukizi yaliyokwisha kuingia, unachagua spora chache zinazoistahimili na kuzipa nafasi ya kuzaana. Soma kwenye lebo namba ya kundi la FRAC, inayoonyesha dawa zinazoishambulia kuvu kwa njia moja, usirudie kundi lile lile mfululizo, na usipulizie kabisa dawa hizi juu ya madoa yaliyokwisha kuonekana.

Lebo ina mengine yanayoweza kuvuruga mpango mzuri wa hali ya hewa. Kaptani huunguza majani ikikutana na mafuta ya kupulizia, kwa hiyo ziachanishwe kwa wiki moja hadi mbili. Mankozebu kwa muda mrefu imekuwa na masharti ya siku 77 kabla ya kuvuna nchini Marekani, na Umoja wa Ulaya uliiondolea kibali; anayeuza nje aangalie soko lake kabla ya kuitia kwenye tangi.

Baada ya msimu wa spora za kwanza

Spora za majani makuukuu zikishakwisha, subiri wiki mbili, kisha tembea shambani ukikagua majani ya ncha na ya ndani ya mti, pande zote mbili. Usipoona madoa, ugonjwa wa magamba umekwisha kwa mwaka huo na vipindi vya kupulizia vinaweza kurefushwa. Ukiyaona, hesabu inabadilika: madoa hayo huzaa spora za aina nyingine zinazorushwa na matone ya mvua usiku na mchana, kwa hiyo ile kanuni ya saa moja asubuhi haitumiki tena.

Kiangazi huleta magonjwa ya ganda la tunda, yale madoa ya masizi na vidoti vyeusi vinavyokusanyika kama kinyesi cha nzi. Kwa hayo Brown na Sutton huko North Carolina walichapisha mwaka 1995 njia ya kujumlisha saa zote za unyevu kuanzia siku kumi baada ya petali kuanguka, wakihesabu vipindi vya saa 4 au zaidi tu. Jumla ikifika karibu saa 273, dalili za kwanza zinatarajiwa. Wengine baadaye walishusha kiwango hicho kwa ajili ya maeneo yao, kwa hiyo tumia kile kinachopendekezwa mahali ulipo. Ukungu mweupe wa unga hauhitaji jani kulowa, na modeli hizi zote hazikuambii lolote juu yake.

Majani ya vuli

Modeli hutoa asilimia ya spora, haitoi idadi yake. Asilimia 10 ya shamba lililojaa madoa Septemba ni spora nyingi kuliko asilimia 90 ya shamba safi, na programu inaandika 10 na 90 bila kujua tofauti. Kwa hiyo, kabla ya majani kuanguka, kagua vichipukizi kwenye miti mingi ya kila kitalu na uandike vilivyo na madoa. Kitalu kilichokuwa safi kinaweza kuchelewesha upuliziaji wa kwanza wa mwaka unaofuata. Kilichougua kianze kwenye ncha ya kijani bila majadiliano. Majani yakishaanguka, yanyunyizie urea ya asilimia 5 ili yaoze haraka, au yasage kwa mashine ya kukatia nyasi ukifika hadi chini ya miti. Kama theluji imewahi, kazi hiyo ifanywe mapema Aprili, kabla ya ncha ya kijani, na tarehe yake iandikwe kwenye daftari lile lile la mvua.